Chumvi Iliyoanzia Ndani

Vijana wa maabara, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na soda ya baridi, kisha mkaniomba niandike uzoefu wangu. Saa nimeitundika. Uzoefu ndio huu. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alinibania. Hayo mwulizeni yeyote mwenye kijicho, atawaeleza vizuri kuliko mimi. Nitaandika jinsi chumvi inavyoingia kwenye zege na kula nondo, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya toka ujana mpaka mvi. Na nitaandika habari ya mnara mmoja wa maji upande wa Mtinko, ambao hadi leo nikiukumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Mkuu wa maabara alikuwa Mama Lyimo, mwanamke mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alinitazama kuanzia tai mpaka viatu, akasema, "Karibu mwanangu. Harusi ya nani?" Kisha akanikabidhi kinu cha chuma na mfuko wa vipande vya zege, akaniambia nitwange mpaka viwe unga kama wa mtama. Mimi nimetoka chuo na hesabu zangu kichwani, naambiwa nitwange! Kufika saa sita tai ilikuwa kitambaa cha kufutia macho. Sikuivaa tena, hata siku ya harusi yangu mwenyewe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima. Unga wa zege unauchemsha kwenye asidi, unachuja, unaituliza asidi yenyewe, unatia dawa ya njano, halafu unadondosha nitrati ya fedha tone kwa tone mpaka ile njano iliyo kwenye chupa igeuke kuwa rangi ya tofali. Matone mengi, chumvi nyingi. Siku za mwanzo nilikuwa naiona rangi kabla haijafika, maana nilikuwa na njaa na nilitaka kwenda kula. Mama Lyimo alikuja nyuma yangu, akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hii bado ni njano. Wewe ndiye umegeuka." Akaimwaga yote, nikaanza upya. Nyie mna mashine inayosoma yenyewe na kupiga kengele, na siwaonei wivu, ila mashine yenu haijawahi kumwambia mtu kwamba ana haraka.

Nilipokomaa kidogo nikapelekwa pwani, kupima nguzo za gati. Kule ndiko nilikojenga hesabu zangu. Unatoboa zege kwa drili taratibu, unga wa juu unaweka kwenye mfuko wake, wa ndani kidogo mfuko wake, wa ndani zaidi mfuko wake, mpaka ufike kwenye nondo. Ukipima yote unapata picha moja tu, siku zote: chumvi imejaa usoni mwa nguzo, halafu inapungua na kupungua kadiri unavyozama. Inaingia kama baridi ya mwezi wa saba inavyoingia kwenye nyumba, mlangoni inang'ata, kitandani unaisikia kidogo. Nondo ndani ya zege zuri imevaa koti, ndiyo maana haishiki kutu ingawa zege lina unyevu. Chumvi ikishafika ya kutosha inalitoboa lile koti, kutu inaanza, na kutu ni nene kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo. Inavimba, inasukuma, zege linapasuka. Mtu anayepita anaona ufa leo, kumbe ugonjwa ulianza zamani.

Basi modeli yangu ilikuwa hivyo. Naiambia kompyuta chumvi iliyo usoni ni kiasi gani, inapenya kwa kasi gani, nondo iko umbali gani, yenyewe inanijibu kutu itaanza lini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa ikipata joto haraka kuliko mimi, tukawa tunaielekezea feni na sisi wenyewe tunajipepea kwa mafaili. Lakini majibu yake yalikuwa ya kweli. Nilikisia gati moja ingeanza kutema zege, na kweli ikatema, wakubwa wakaanza kuniita mganga. Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi. Kuna mambo ya kutisha katika kazi yetu, na moja ni kusifiwa ukiwa bado kijana.

Nilipohamishiwa Singida wenzangu walikufa kwa kucheka. "Mtaalamu wa chumvi ya bahari anapelekwa Singida! Akapime nini, alizeti?" Hawakuijua Singida. Mji wenyewe umekaa kati ya maziwa ya chumvi, na visima vingi vya vijijini maji yake hata ng'ombe anayafikiria kwanza. Mimi ni Mnyiramba, nimezaliwa Kiomboi, na mke wangu Neema ni Mnyaturu wa upande wa Mtinko, kwa hiyo kwangu ilikuwa kurudi nyumbani. Na nyumbani, bwana, ndiko kuna kazi ngumu.

Watu wa kijiji cha kina Neema walikuwa wamejijengea mnara wa tangi la maji. Nguzo nne za zege, tangi juu. Walichanga nguvu zao, wanaume mawe na mchanga, wanawake maji kichwani, na fundi wao aliitwa Athumani, mtu wa Manyoni aliyehamia pale zamani na kuoa pale. Mnara ulikuwa bado mpya kabisa nguzo zilipoanza kupasuka chini. Nyufa zilisimama wima zikifuata nondo, na kutoka kwenye nyufa ulichuruzika uchafu wa rangi ya chai. Mimi niliona kutu. Kijiji kiliona wizi. Walikwisha kata shauri kwamba fundi Athumani aliuza simenti yao usiku, akajenga kwa mchanga mtupu. Akitoa salamu msikitini wanaitikia kwa pembe ya mdomo. Mkewe akienda mashineni kusaga, foleni inaongea mpaka afike, akishafika inanyamaza. Mwenyekiti alikwisha sema kwamba mtaalamu akithibitisha, Athumani atapelekwa polisi na familia yake irudi ilikotoka.

Mtaalamu mwenyewe ndiye mimi.

Nilifika na drili yangu na mifuko yangu. Athumani alikuja akasimama mbali, mzee mwenye mikono mikubwa iliyopauka kwa simenti, akanisalimu, "Shikamoo mhandisi." Yeye ananizidi umri! Nilishtuka, nikamwambia, "Shikamoo ni yangu kukupa wewe, mzee." Akajibu, "Siku hizi nawaamkia wote, sijui nani atanifunga." Alisema akitabasamu, nami nikainama kufungua mifuko yangu.

Nikatoboa, nikarudi maabara, nikatwanga, nikapima. Simenti ilikuwamo ya kutosha, hiyo niliiona mapema na nikashukuru Mungu. Chumvi nayo ilikuwamo, tena ya kutisha. Lakini haikukaa nilikoizoea. Usoni kiasi fulani, ndani kiasi kilekile, katikati ya nguzo pengine zaidi. Ukipanda juu ya kimo cha mtu, hakuna kitu. Nikadhani nimechanganya mifuko. Nikarudia. Nikadhani ni maji ya kisima, lakini maji hayohayo yalikoroga zege la juu pia. Nikaiingiza kwenye modeli kwa nguvu, nikaibana na kuilazimisha, na kompyuta ikanijibu kwamba kwa chumvi kuingia kina kile, mnara ule lazima ulijengwa kabla Mjerumani hajafika. Nikaizima, nikaenda nyumbani kula.

Neema alikuwa anapakua. Nikawa namlalamikia, kama mume anavyomlalamikia mke bila kutegemea msaada. Nikasema mnara wa kwenu unaumwa ugonjwa nisioujua. Akasema, "Pole. Labda nondo mbaya. Maana mchwa hawawezi kuwa, mama mwenyewe ndiye aliyeutilia chumvi."

Nikalirudisha tonge kwenye sahani. "Aliitia wapi?"

"Kwenye nguzo, wapi tena? Kila nguzo, walipoanza kumwaga zege la chini kwenye boksi la mbao, mama anatia beseni lake."

"Beseni zima?"

"Nguzo za nyumba ni kiganja. Hizo ni nguzo kubwa, unataka atie kiganja?"

Wenzangu wa Dar hamtaelewa, ngoja niwaeleze. Kwa kina Neema, mtu akijenga tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, nguzo za miti zinakaa kwenye mashimo, na mchwa wa Singida hawana dini. Kwa hiyo kabla nguzo haijasimamishwa, anaitwa mama mtu mzima wa ukoo aje na chumvi, ile wanayoikwangua ukingoni mwa ziwa maji yakikauka, aimwage shimoni na aombee nyumba. Mama yake Neema ndiye aliyekuwa akiitwa kijiji kizima. Nyumba nyingi pale zimesimama kwa mkono wake, na kweli kabisa, mchwa hawali nguzo zake. Mnara ulipojengwa wakamwita, na angeachaje kuitwa? Nguzo ni nguzo. Akaleta chumvi, akaomba, akatia, watu wakapiga vigelegele. Modeli yangu ya gati inaanza kwa kuamini kwamba siku ya kwanza ndani ya zege hakuna chumvi, yote itatoka nje. Haikumjua mkwe wangu.

Nilimwambia Neema maana yake nini. Alikaa chini. Akaniuliza, "Utasema?"

"Nisiposema, Athumani anafungwa kwa wizi ambao hakuufanya."

"Najua. Nimeuliza utasema mbele za watu? Mama yangu? Wewe?"

Hapo ndipo penyewe. Mkwe wa kike haguswi, vijana. Sisi tulivyolelewa, mama mkwe akija njia hii wewe unapinda ile. Huketi naye, huli mbele yake, humtazami usoni. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nazijua zaidi kanga zake kuliko sura yake. Na sasa nisimame mkutanoni, nimtaje, niseme kitu alichokitia kwa baraka ndicho kinachoua mnara? Niliona aibu kabla sijafanya lolote. Niliona aibu kuwa mume wa Neema, nikaona aibu kuwa na elimu, nikaona aibu kwamba kwa dakika moja, nasema ukweli, niliona afadhali Athumani angekuwa ameiba kweli.

Nikamfuata Athumani kwake. Nikamwuliza kama aliiona ile chumvi. Akaniangalia, akaangalia chini. "Niliiona."

"Na hukusema kitu? Watu wanakuita mwizi!"

"Mhandisi, nilikuja hapa sina hata jembe. Yule mama alinipa kibanda na uji. Siku anatia chumvi nilisema moyoni, chumvi kidogo itafanya nini, na nani atamshika mkono mama wa watu? Zilipopasuka ndipo nikafikiri. Nikanyamaza. Ukisema wewe, sawa, ndiyo kazi yako. Kinywa changu hakisemi."

Basi ikabaki mimi. Wanaume wawili wazima, mmoja yuko tayari kufungwa, mwingine anatafuta mahali pa kujificha, kwa ajili ya beseni la chumvi. Nilifikiria kupeleka karatasi tu, nikakumbuka kwamba mwenyekiti angeisoma kwa sauti, pamoja na nukta zake.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanjani, jua linawaka. Wanawake upande wao, na katikati ya wanawake niliiona kanga ya mkwe wangu, nikayaondoa macho. Nikasalimia, nikaeleza. Ah, nilieleza! Nilisema uchunguzi wa sampuli umebaini ukolezi mkubwa wa ioni za kloridi katika sehemu ya chini ya nguzo, hali iliyosababisha kuvunjika kwa utando kinga wa chuma. Nilisema simenti inatosha na ubora wa fundi hauna shaka. Nikaanza kukusanya karatasi zangu haraka haraka kama mtu aliyesikia basi linaondoka.

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mhandisi, sema Kiswahili! Kloridi ndiyo nani? Anakaa wapi?" Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akasema, "Kweli, tufafanulie. Maana tusije tukamwachia mwizi kwa maneno ya kitabuni."

Nikamtazama Athumani. Alikuwa amekunja mikono mapajani, ametulia kama mtu anayesubiri sindano.

Nikasema, "Chumvi."

Sauti yangu ilitoka ndogo. Mwenyekiti akaniambia nirudie. Nikarudia, "Ni chumvi. Chumvi ikiwa ndani ya zege, nondo inaoza."

Hakuna aliyeuliza chumvi ilifikaje ndani. Wote walikuwapo siku ile, wote walipiga vigelegele. Shingo zikaanza kugeuka moja moja kuelekea upande wa wanawake. Nilitazama viatu vyangu. Nakumbuka mpaka leo kwamba kamba ya kushoto ilikuwa imefunguka.

Nikaisikia sauti yake. Alisimama bila kusaidiwa. "Nilitia mimi," alisema. "Fundi hakuiba, mmesikia? Mumwombe radhi, na mkewe mumwombe radhi. Chumvi nilitia mimi kwa mkono huu, kama nilivyotia kwenye nyumba zenu. Asimame hapa ambaye nguzo yake niliyoitilia imeliwa na mchwa."

Hakusimama mtu.

"Basi," akasema, akaketi.

Kama ingeishia hapo ningeweza kuishi nayo. Lakini kule nyuma, yule kijana wa kloridi akaguna kicheko, kile cha puani, na wenzake wawili watatu wakakidaka. Hawakumcheka kwa sauti. Wangemcheka kwa sauti pengine angewajibu. Nikaisikia kanga ikijikusanya, nikasikia hatua zake zikiondoka, na mimi mkwe wake, mwenye vyeti, nimeinamia kamba ya kiatu. Watu walikwenda kumshika mkono Athumani. Alikuwa analia waziwazi, na hakuniangalia.

Tangi liliteremshwa, nguzo zikavunjwa. Athumani akazijenga upya, na safari hii nilisimama pale toka zege la kwanza mpaka la mwisho, nikakagua hata biskuti, vile vipande vya zege vya kuibania nondo isiguse ubao. Mnara upo hadi leo na unatoa maji. Katika kazi zangu zote za Singida, hiyo ndiyo waliyoipenda sana wakubwa. Nami nikairekebisha modeli: sasa, kabla ya kuuliza chumvi inaingiaje, inauliza ilikuwamo kiasi gani siku ya kwanza. Hicho kisanduku cha kwanza mnachokijaza kila siku bila kufikiri, mjue kimetoka wapi. Na kabla hamjakijaza, nendeni mkaulize watu walijengaje. Ulizeni wanawake pia. Sisi tulikuwa hatuwaulizi.

Lakini ubaya wa neno la mtaalamu ni kwamba watu hulibeba kuliko lilivyopimwa. Nilisema chumvi inaozesha nondo. Kijiji kikasikia chumvi ni mbaya. Vijana wakaanza kujenga bila kumwita mama, hata nguzo za miti, ambazo chumvi yake ilizifaa kabisa. Nilizunguka nikieleza, nikasema jamani, mti si chuma, mwiteni. Wakaniitikia, "Ndiyo mhandisi," kwa adabu zote, na hawakumwita. Mchwa wanashiba sasa. Nyumba ya yule yule kijana wa puani imeshainama upande, na ningependa kusema nilisikitika.

Nilijaribu kuomba radhi. Nikamtuma shemeji yangu, mdogo wake Neema anayekaa na mama, maana mwenyewe ningesimamaje? Jibu likarudi: "Mwambieni baba hakukosa. Kweli haiombewi radhi." Nililishika jibu hilo kwa furaha siku kadhaa, mpaka tulipokwenda kuwasalimia na nikaletewa chakula sebuleni peke yangu, kama kawaida ya mkwe. Ugali wa mtama, mlenda, kuku. Nikamega, nikaonja. Hakikuwa na chumvi hata chembe.

Nikadhani imesahaulika. Safari ya pili ikawa hivyo, ya tatu vilevile. Nikamwuliza Neema, naye akageuza uso. "Mama hashiki chumvi tena. Tangu mkutano ule. Sisi tunajitilia wenyewe tukishapakua." Wao wanajitilia huko jikoni. Mimi huku sebuleni nimwagize nani? Mkwe anaomba chumvi, katika nyumba ile, kwa mama yule? Nikawa nakula. Nimekula hivyo miaka yote iliyobaki ya utumishi wangu. Neema aliwahi kunifungia kidogo kwenye karatasi niweke mfukoni. Nilishindwa kuifungua.

Juzi baada ya nyie kuniaga nilikwenda kumwambia mama kwamba nimestaafu. Ni mzee sana sasa, lakini bado anapika mwenyewe na hataki kusaidiwa. Nikakaa sebuleni, kikaja chakula, nikala mpaka nikafuta sahani kwa tonge la mwisho. Nikamwambia shemeji kwa sauti, ili isikike hadi jikoni, "Mwambie mama asante. Chakula kitamu sana."

Katika maisha yangu mkwe wangu hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Siku hiyo alinijibu mwenyewe, nyuma ya ukuta.

"Usinidanganye, baba. Si wewe ndiye mpimaji?"